Wananiita Mwanza

Jumapili, 14 Septemba. Kikuyu, Dodoma. Miaka mitatu na miezi miwili tangu niondoke nyumbani.

Upepo umeanza tangu asubuhi. Ni ule upepo wa Dodoma wa mwezi wa tisa, unaobeba vumbi mpaka ndani ya kikombe cha chai. Nimefua ovaroli na kuianika, na sasa ni nyekundu kuliko kabla sijaifua. Nimeiacha hapo hapo kwenye kamba. Leo sina nguvu ya kugombana na upepo.

Nimekaa mlangoni na simu, mgongo nimeuegemeza ukutani maana ndiyo namna pekee ambayo haulalamiki. Ninyi wachache mnaosoma hapa mnajua siandiki kama msomi, shule niliiachia kidato cha pili. Lakini jana kazini limetokea jambo. Nisipoliandika leo, baada ya wiki nitaanza kujidanganya kwamba lilikuwa tofauti.

Kazini wananiita Mwanza.

Saiti yetu iko Mtumba, tunajenga ofisi ambazo sisi hatutaingia tena zikishapakwa rangi. Pale jina la mtu ni kule anakotoka. Kuna Kondoa, kuna Singida, kuna Mbeya Mrefu na Mbeya Mfupi. Siku ya kwanza fomeni anakuuliza kwenu wapi, na utakachojibu ndicho utakachoitwa mpaka jengo liishe. Mimi nilijibu Mwanza. Mwanza yenyewe nimeshuka mara mbili tu maishani, zote kubadilisha basi.

Mimi ni wa Nyamasilo.

Sikupanga kudanganya. Siku ninayokuja huku, ndani ya basi nilikaa na dada mmoja mcheshi sana. Tulipiga hadithi tangu Shinyanga, akanimenyea na chungwa. Tulipokaribia Singida akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia.

"Ee! Kwenu ndiko wanakokula mpaka nyaya za umeme!"

Alisema huku anacheka, hakuwa na ubaya. Lakini mkono wake ulishuka, ukauchukua mkoba uliokuwa sakafuni kati ya miguu yetu, ukauweka mapajani. Mkoba ulikaa hapo mpaka Dodoma. Kesho yake fomeni aliponiuliza kwetu wapi, ulimi ukageuka wenyewe.

Nataka niseme Nyamasilo niliyokulia ilikuwaje, maana hakuna anayeuliza.

Ulikuwa mji wa kiwanda cha nguo. King'ora kililia saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku, na mji mzima uliishi kwa king'ora hicho. Hata wasiofanya kazi kiwandani walipika kwa kufuata king'ora. Mama alikuwa mfumaji, shifti ya kwanza. Alirudi mchana na vumbi la pamba kichwani, nywele zote nyeupe, mimi na dada yangu tunagombania kumchambua. Alinuka mafuta ya mashine. Mpaka leo nikipita karibu na gereji nageuza shingo.

Vitambaa vilivyokosewa viliuzwa kwa wafanyakazi kwa bei ya chini. Kwa hiyo mji mzima ulivaa makosa yale yale. Mwaka mmoja rangi ilichanganywa vibaya, yakatoka mananasi ya buluu, na sikukuu ile kanisani na msikitini, waumini, mapazia, mito ya makochi, kila mahali mananasi ya buluu. Tulicheka mpaka tukachoka. Sijawahi kuona tena mji unaojicheka hivyo.

Na kila mtoto wa Nyamasilo alijua kufunga fundo la kiwandani. Uzi ukikatika mashineni, mfumaji anauunga kwa mkono mmoja. Unakutanisha ncha mbili, kidole gumba kinabana, unavuta, na kile kimkia kinachobaki unakikata kwa meno. Fundo linakuwa dogo mpaka linapita kwenye kitana cha mashine bila kukwama. Mama alitufundisha mezani kwa uzi wa gunia. Sisi kamba za viatu zikikatika, kamba ya ndoo, kamba ya mbuzi, zote ni fundo hilo. Mkono haujui lingine.

Kisha kiwanda kikafungwa. Nilikuwa kidato cha pili.

King'ora kilinyamaza siku ya Jumatatu. Nakumbuka watu walisimama barabarani saa nane mchana wakitazamana, kana kwamba kuna mtu kachelewa. Walinzi waliondoka baadaye, kimya kimya. Mashine zikabaki ndani, na watu wakabaki nje na njaa yao.

Ndiyo, waya zilichomolewa. Mabati yaling'olewa. Wakaja wanahabari, wakapiga picha lile geti lenye kutu na mbuzi wamelala ndani ya ukumbi wa kufumia, wakaondoka. Picha hiyo ndiyo ikawa Nyamasilo. Hakuna aliyepiga picha ya mananasi ya buluu.

Jambo moja linaniuma mpaka leo. Shaba ya nyaya zile haikuliwa. Ilinunuliwa. Yalikuja malori na mizani kutoka miji mikubwa, yakajaza, yakaondoka mchana kweupe. Miji ile haina jina baya. Jina tuliachiwa sisi, maana malori hayakuwa na nafasi ya kulibeba.

Na mimi nilivuta waya.

Mara moja tu, na wenzangu wawili, tulivuta waya kutoka ukuta wa idara ya rangi. Nilirudi nyumbani na unga kilo tano. Mama alinitazama, akautazama ule mfuko, akabandika maji. Hakuuliza. Tulikula watatu, na kwa mara ya kwanza niliona mikono ya mama haina la kufanya.

Sijawahi kuliandika hilo popote. Basi nimeliandika.

Mwezi wa sita mwaka huu alikuja saiti mama mmoja wa kubeba maji na kufagia kifusi, anaitwa Mama Bhoke. Amemfuata binti yake aliyeolewa huku. Fomeni wetu, Ndahani, ni Mgogo wa hapa hapa, hupita asubuhi akisalimia "Mbukwenyi!" kwa sauti ya kuamsha wafu. Akamuuliza kama anavyowauliza wote. Mama Bhoke akajibu Nyamasilo, wazi, kama mtu anayetaja jina la baba yake.

"Kondoa, ficha simu!" Mbeya Mfupi akapiga kelele.

"Simu ipi, hiyo yenye kioo cha nyufa?" Mama Bhoke akasema. "Hata nikilipwa kuibeba, mwanangu, naitupa njiani."

Walimpenda. Lakini waliendelea kumwita Nyamasilo, na kila anapopita na ndoo kuna mtu anapapasa mifuko yake na wenzake wanacheka. Mimi pia nilipapasa. Mara mbili.

Mwezi wa saba mtunza stoo aliacha kazi. Kila mtu alijua nani anafaa. Mama Bhoke alijua kila karai na kila mwiko vilipo, na toroli likilala nje analirudisha bila kutumwa. Aliomba mwenyewe ile kazi. Ndahani akakuna kichwa.

"Mama yangu, kwa upande wangu ningekupa leo. Lakini mabosi wakisikia funguo ya stoo iko Nyamasilo, mimi nitawaambia nini?"

Akanipa mimi, Mwanza.

Niliipokea. Stoo ina kivuli, na mgongo wangu ulikuwa umeshaomba kivuli muda mrefu. Huo ndio ukweli wote, sina sababu nyingine ya kujitetea nayo.

Funguo niliivaa shingoni kwa uzi wa nailoni, ule mafundi wanaovutia mstari wa matofali. Siku moja mwezi wa nane uzi ukakatika nikiwa namgawia Mama Bhoke ufagio mpya. Nikauunga palepale, sikufikiri. Kidole gumba, vuta, meno. Nilipoinua uso alikuwa anatazama mikono yangu.

Akauliza polepole, "Mama yako alikuwa shifti gani?"

Hapakuwa na mtu mwingine. Ningeweza kujibu na hakuna ambaye angesikia.

"Mimi ni wa Mwanza, mama."

"Haya, baba." Akachukua ufagio wake.

Hakumwambia mtu. Wiki zote hizi, neno moja tu kwa Ndahani lingetosha, na funguo ingekuwa yake. Mpaka siku ile alikuwa ananiita mwanangu kama anavyowaita wote. Tangu siku ile nikimwamkia shikamoo anajibu, "Marahaba, Mwanza." Nilikuwa natamani anitukane.

Sasa jana.

Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha ukuta, sahani za wali maharage magotini, na Ndahani anatuchekesha. Anasema zamani alipokwenda Dar kutafuta kibarua, akitaja Dodoma watu wanamuuliza bakuli lake la kuombea ameacha wapi. "Siku hizi nikitaja Dodoma wananiuliza bei ya viwanja! Wananiita kaka!" Watu wakacheka. Mimi nikawa nawaza. Ndahani ni yuleyule. Mama yake anayelima mtama ni yuleyule, na ukame ni uleule. Hawakutubu wala hawakujisafisha. Zilikuja kazi tu, na bakuli likasahauliwa.

Kwa hiyo nilidhani yeye angekuwa wa kwanza kuelewa. Lakini yeye ndiye aliyesema hawezi kuipeleka funguo Nyamasilo.

Mbeya Mfupi akanigeukia. "We Mwanza, hao wa Nyamasilo ni majirani zenu. Tuambie basi, wanazaliwa hivyo au wanafundishwa?"

Wote wakanitazama. Na mimi nikafungua mdomo. Nilikuwa na utani tayari, niliusikia kwa mtu wa Shinyanga, unahusu reli. Nikaanza, "Kule bwana, hata reli..."

Mama Bhoke alikuwa anapita na ndoo. Akaitua chini. Hakukasirika. Alisimama tu akiwa ameshika kiuno, akanisubiri nimalize, kama mzazi anayesubiri mtoto amalize kusoma shairi lake shuleni.

Sikuweza kumaliza.

Nikasema, "Mimi siyo wa Mwanza. Mimi ni wa Nyamasilo. Mama yangu alikuwa mfumaji, shifti ya kwanza."

Mbeya Mfupi alicheka, akidhani ndio utani wenyewe. Kisha akaacha kucheka.

Ndahani akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo tangu mwezi wa saba stoo yangu iko Nyamasilo?"

"Ndiyo, fomeni."

"Kuna kilichopotea?"

"Hakuna. Hata msumari."

Akafikiri. Akanyoosha mkono. "Lete funguo."

Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuipenda, kwamba ndivyo ilivyo siku zote, jina la mji linatosha.

"Sikunyang'anyi kwa ajili ya Nyamasilo," akasema. "Nakunyang'anya kwa ajili ya Mwanza. Umekula na mimi miaka mitatu, jina siyo lako."

Nikaivua shingoni, nikamkabidhi.

Alijaribu kuitoa funguo kwenye uzi wangu aiweke kwenye mkufu wa funguo zake. Vidole vina saruji, fundo ni dogo kama punje ya ulezi. Alihangaika nalo, akajaribu na meno, watu wameanza kukohoa ili wasicheke. Mwishowe akamwita Mama Bhoke.

"Mama, wewe labda unajua namna ya kufungua kidudu hiki."

Mama Bhoke akaligusa kwa ncha ya kidole tu. "Hili halifunguliwi, fomeni. Lilifungwa lisifunguke. Ukitaka, ukate uzi."

Ndahani akautazama ule uzi. Akatutazama sisi wawili. Halafu, kama mtu aliyechoka kusumbuka, akamvisha Mama Bhoke shingoni.

"Kaa nayo mpaka Jumatatu. Nitaongea na mabosi."

Mpaka Jumatatu tu. Sijui watasema nini. Huenda kesho asubuhi Mama Bhoke akavuliwa, na mimi nitakuwa nimepoteza kivuli bure. Nimeshapangiwa zege.

Lakini jioni tukipanda lori la kazini Mama Bhoke alipita mbele yangu na ndoo yake tupu. Akasema bila kusimama, "Shifti ya kwanza walikuwa wanaringa sana. Sisi shifti ya pili tulikuwa tunakuta mashine zimejaa mafuta, hawafuti."

Nikacheka peke yangu mpaka Mbeya Mrefu akaniuliza kama naumwa.

Mama yupo bado, katika ile nyumba ya kiwanda yenye mlango wa kijani. Kila akipiga simu anauliza nakuja lini, na miaka mitatu nimekuwa nikisema nikijipanga. Ukweli ni kwamba sikutaka kukata tikiti yenye jina lile, karani analitamka kwa sauti na foleni nzima inasikia.

Nimempigia leo kabla sijaanza kuandika. Mvua zikianza hapa, kazi ya nje husimama. Jumatano ya wiki ya pili ya Desemba nitapanda basi la asubuhi, na jirani wa kiti akiniuliza naenda wapi, nitamwambia Nyamasilo. Akihamisha mkoba, ahamishe. Nitamwuliza kama amewahi kuona nanasi la buluu.

Kesho yake, Alhamisi, kabla ya saa nane mchana, mama, nitakuwa mlangoni.