Akimana Ni Profesa Ordinere

Mulongwe, Uvira

Dada yangu Generose,

Maji ya muto yalibeba jiko letu, lakini sisi wote tuko wazima.

Dada, binti yangu Akimana amepewa cheo cha profesa ordinere, kile cha juu kabisa! Siku ya sherehe alionyesha ukutani, nchi kwa nchi, ni wanawake wangapi wanafika hapo. Nchi yetu ilikuwa chini sana. Muzee mumoja akauliza, "Basi tusikie aibu?"

Akajibu, "Jana mu fakilte yetu ya chuo kikuu hakukuwa hata mwanamuke mumoja. Leo iko mimi."

Watu wote wakasimama.

Baba yake hakuja. Hajanisamehe bado ile mahari niliyokataa Akimana akiwa na miaka kumi na sita. Nilikalia kiti cha baba yake mbele, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Mudogo wako,
Florentine