Babu haoni barabara, na ni mimi tu ninayejua

Kwako Shangazi Nedra wa gazetini,

Ninalokuandikia sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu, na hata Mungu nimemwambia kwa kuzungukazunguka: babu yangu haoni barabara, na safari nzima mpaka hapa ziwani ni mimi niliyekuwa macho yake.

Nimemaliza sekondari majuzi tu na mimi si msemaji, kuna mwalimu aliyedhani nimehama shule kumbe nilikuwa nakaa nyuma ya darasa lake. Nakwambia hili kwa sababu ndilo lililoniingiza humu.

Kila Julai tunapanda gari-nyumba la Babu, lile lenye vitanda na jiko ndani, tunashuka kupitia makorongo mekundu mpaka Ziwa Powell, tunakaa hapa hadi Sikukuu ya Waanzilishi wa jimbo letu ipite mwishoni mwa mwezi, kisha tunarudi nyumbani kwa njia ya Boulder na Escalante. Tuko watano: Babu Verl, Bibi LaRue, Mama, mdogo wangu Oakley wa miaka saba, na mimi. Miaka yote kiti cha mbele kando ya Babu ni cha Bibi, naye hukilinda kama kiti chake cha kanisani. Mwaka huu, tulipomaliza kusali pale uani na kila mtu anapanda, Babu akasema, "LaRue, kaa nyuma safari hii unyooshe miguu. Huyu kamaliza shule, acha ajifunze njia."

"Ajifunze njia au akupigie makofi?" Bibi akamuuliza, lakini akahamia nyuma na mfuko wake wa kufuma.

Nilifurahi, Shangazi, nilidhani nimepewa heshima.

Sasa kwetu kuna sheria ya kurudi nyuma. Gari kubwa hivyo haliingii kwenye nafasi yake kambini bila mtu kusimama nyuma na kumwongoza dereva kwa mikono kupitia kioo, na mtu huyo kwa muda huo ndiye mkubwa wa wote, hata awe Oakley. Akipunga, unakuja. Akipishanisha mikono juu ya kichwa, unasimama papo hapo, huulizi kwa nini. Sheria hiyo aliiweka Babu mwenyewe na hajawahi kuivunja, hata siku niliyomsimamisha nikiwa mdogo kwa ajili ya mjusi. Basi kwenye kambi ya kwanza nilisimama nyuma kama kawaida, nikapishanisha mikono, na gari likaendelea kuja. Niliruka kando. Meza ya mbao ya kulia chakula ikavunjika kama biskuti.

Babu akashuka akasema jua lilimpiga kwenye kioo. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya ukuta wa korongo. Bibi alitazama juu, akatazama meza, akasema, "Basi na meza nayo ilikuwa inakimbia."

Asubuhi Babu akaniita nimsaidie kumwaga tangi la choo. Ukitaka kuongea na mtu bila kusikiwa hakuna mahali kama pale, Mama na Bibi hukimbia hata bomba halijafungwa sawasawa. Akavaa glavu zake, akainama, akasema bila kuniangalia, "Katikati pameliwa."

"Katikati ya nini, Babu?"

"Ya macho. Pembeni naona vizuri tu. Lakini nikikutazama usoni naona masikio mawili na nywele, katikati hakuna mtu." Akacheka peke yake. "Usihuzunike, masikio yako ni mazuri."

Nikamuuliza kama daktari anajua. Akasema daktari kamkataza kuendesha. "Mimi nikaelewa nisiendeshe mjini," akasema, halafu akaniambia kwamba shamba ameliuza na ng'ombe wamekwenda, na siku akimpa mtu ufunguo huu atakuwa mzigo mmoja humo ndani kama masanduku mengine. "Niache nimalize safari hii. Wewe nisomee njia tu. Nimekuchagua wewe kwa sababu wewe huropoki."

Nikasema, "Sawa, Babu." Sijui kwa nini nilisema sawa.

Tangu hapo nikawa namsomea njia kama mtu anayefurahia mandhari, ili wa nyuma wasishtuke. "Tazama, Babu, ng'ombe kulia." "Kona hii ni kali, Babu, inakwenda kushoto." Mama akamwambia Bibi, "Umemsikia? Bubu wetu kafunguka mwaka huu!" Bibi akasema ni hewa ya jangwani. Walikuwa na furaha sana juu yangu, na mimi nilitamani kiti kinimeze.

Karibu na ziwa kulikuwa na mtu amechuchumaa kando ya barabara anabadilisha gurudumu la gari lake. Nikasema, "Babu, mtu." Sauti ikatoka ndogo, kama ninavyosema siku zote, na injini ikaifunika. Babu akaendelea kumwendea moja kwa moja. Nikamvuta shati. Gari likayumba, kabati likafunguka na vikombe vyote vikamwagika sakafuni.

"Verl! Umebeba watu, si nyasi!" Bibi akapiga kelele.

"Nilikuwa napima kama umefunga kabati," Babu akasema.

Wakacheka, hata Mama, hata Oakley ambaye penseli zake zilikuwa zimetawanyika. Mimi nilikuwa natazama kioo cha pembeni. Yule mtu alikuwa amesimama wima, mkono kichwani, anatutazama tukienda. Namwona kila ninapofumba macho.

Na mbele yetu kuna kile kipande cha kabla ya Escalante, barabara inapopita juu ya mgongo wa mwamba, korongo kushoto, korongo kulia, pembeni hakuna ukingo. Oakley anakisubiri mwaka mzima, anasema pale tunaruka. Bibi aliwahi kuendesha lori la nyasi ujanani lakini hajashika usukani wa gari hili, Mama analiogopa, mimi leseni ninayo, Babu ndiye aliyenifundisha kwenye pikapu shambani, lakini hili sijawahi hata kuliwasha. Nikisema, nitamvunja Babu mbele ya watu wote, na atajua kwamba hata mimi naropoka. Kwa hiyo nimekuwa nikienda peke yangu mbali ufukweni, kwenye miamba, kujizoeza kusema kwa sauti kubwa. "Babu, kona! Babu, kushoto!" Naona kama sauti inaanza kutoka. Je, nikiweza kusema kwa nguvu, itatosha kutufikisha nyumbani?

Bibi hununua gazeti lenu kwenye duka la kambi na hutusomea ukurasa wako tukila chapati za maji asubuhi. Ukijibu, badilisha majina yetu yote, na tafadhali usimwambie mtu kwamba ni mimi. Nakuomba, Shangazi, jambo hili libaki kati yako na mimi.

Msichana wa kiti cha mbele

*

Msichana wa kiti cha mbele,

Majina nimeyabadilisha yote. Nimemwomba mhariri barua nyingine zisubiri, ili jibu hili lifike dukani kwenu kabla ya sikukuu. Lakini siri yenyewe nakurudishia. Mmeshakuwa wawili mnaoitunza, na nusura mmgonge mtu aliyekuwa anabadilisha gurudumu. Sitaki kuwa wa tatu.

Swali lako nalijibu kwanza ili lisikusumbue: hapana, haitatosha. Hata ukipaza sauti mpaka samaki wa ziwa wakimbie, haitatosha. Neno lako lazima litoke kinywani, lifike sikioni, Babu alielewe, ndipo mkono wake ugeuze usukani, na muda wote huo gari limeshakwenda. Pale juu ya mgongo hakuna nafasi ya kusema "Babu, mtu" mara ya pili. Nilipofika kwenye habari ya wewe kusimama peke yako kwenye miamba ukijizoeza "Babu, kushoto," nilivua miwani nikakaa kidogo. Mwanangu, hiyo si kazi ya kumpa mtoto. Ni vibaya alivyokupa, na anastahili kuambiwa hivyo, ingawa nakuona unavyompenda, na hata mimi nimeanza kumpenda na masikio yake mawili na nywele.

Alikuchagua kwa sababu hunyanyui sauti. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, na nadhani wewe pia, maana umeliandika halafu ukakimbia haraka kwenda kwenye jambo lingine. Ukimya wako ni tabia yako nzuri, lakini si mali ya Babu afiche humo anachotaka. Na wewe nawe, nikukemee kidogo: umeona meza inavunjika, umeona mtu anaponea chupuchupu, bado unaniuliza habari ya sauti. Ulijua jibu. Ulitaka mtu mzima alitamke. Haya, nimelitamka.

Sasa fanya hivi. Leo, si kesho, mwambie Babu mkamwage tangi. Mkiwa pale mwambie maneno machache, huna haja ya hotuba: "Babu, sitakusomea tena. Mwambie Bibi kabla ya chakula cha jioni, au nitamwambia mimi." Atanuna. Anaweza kusema umemsaliti. Mwache anune, hasira ya mzee aliye hai huisha. Akifika mezani hajasema, sema wewe, kwa sauti yako hiyohiyo ndogo. Bibi mwenye ulimi kama ule hahitaji kupigiwa kelele, na mimi nahisi kwamba ile meza inayokimbia haijamtoka kichwani.

Nani ataendesha? Bibi wa lori la nyasi, kwanza kwenye uwanja mtupu, taratibu, mpaka mkono ukumbuke. Wewe ukitaka kujifunza, jifunze hapohapo uwanjani, si kwenye mgongo wa mwamba. Mkiona nyote hamwezi, gari libaki kambini na mtafute jamaa aje awachukue. Oakley ataruka mwaka ujao. Ila Babu asirudishwe nyuma na masanduku. Kiti cha mbele kando ya dereva ni chake sasa. Anaijua njia ile kwa moyo, anajua wapi injini inataka gia ndogo na wapi breki zinachemka, aseme hayo yote na Bibi amjibu anavyojua kujibu. Na mkifika nyumbani aende kwa yule daktari, safari hii aingie na Bibi, ambaye akisikia "usiendeshe" hatasikia "usiendeshe mjini."

Kama Bibi anausoma ukurasa huu kwa sauti sasa hivi, usiinamie sahani. Inua uso. Huenda usihitaji hata kusema.

Na ikiwa yote haya yamekushinda, asubuhi ya safari imefika, na Babu yuko kwenye usukani na ufunguo mkononi, basi kabla injini haijawaka shuka kwenye kiti hicho ukasimame nje mbele ya gari. Usisimame katikati, katikati ameshakwambia haoni mtu. Simama pembeni, pale anapoona vizuri tu, upishanishe mikono juu ya kichwa. Sheria ni yake, aliitii hata kwa ajili ya mjusi. Usiishushe mikono mpaka ufunguo utoke.

Shangazi Nedra