Sekunde Tatu za Baba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia na cherehani haikusumbui. Mama je, goti lake limepata nafuu? Mwambie ile dawa ni ya kupaka, siyo ya kupamba kabati. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na nina furaha mpaka naogopa nitapasuka.

Utajiuliza kwa nini nisipige simu. Nimepiga mara tatu wiki hii, na kila ukipokea nakwepa, naishia kukuuliza habari za wateja. Haya mambo yanataka karatasi.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana nasikia ukiulizwa unajibu kwamba nashinda kwenye kompyuta basi. Tunatengeneza video fupi sana, za sekunde mbili tatu, ambazo zikiisha zinaanza tena zenyewe bila kukoma. Watu wanaziandikia maneno ya kuchekesha, kisha wanatumiana kwenye simu. Tuko watatu katika chumba kimoja juu ya duka la rangi, feni moja, dirisha halifungi. Ufundi wote uko kwenye kiungo. Mwisho lazima ukutane na mwanzo, mtazamaji asijue umekata wapi. Ukikosea hata kidogo, picha inaruka. Ni kama pindo la suruali, Baba, mshono mzuri ni ule usioonekana.

Sasa kaa vizuri. Mwezi uliopita video yangu moja ilivuma kupita kiasi! Kila simu unayochungulia ni hiyo hiyo. Mtu ameiandikia: Mama akisikia umesema umeshiba. Mwingine: Fundi ukimuuliza kama nguo iko tayari. Hiyo ya fundi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mwenzangu wa meza ya pili alipoona idadi ya watazamaji alipiga yowe, chai yote ikaishia kwenye kibodi. Bosi wetu, ambaye kumsifu mtu kwake ni kama kung'olewa jino, alisimama nyuma ya kiti changu akasema nimeiva, na kuanzia sasa nitawafundisha wengine kuunga.

Na Jumamosi unakuja kunitembelea. Ndiyo maana nakuandikia mapema, kwa sababu ukishuka tu kwenye basi watu watakutambua. Aliye kwenye video hiyo ni wewe, Baba.

Unakumbuka siku niliyokwambia naacha kushona, naenda kutafuta maisha kwenye video? Simu yangu ilikuwa imeegemea mkebe wa vifungo, nilikuwa narekodi sindano ikipanda na kushuka, nikasahau kuizima. Uliinua uso, ukanitazama juu ya miwani, ukarudi kwenye kitambaa. Niliondoka nyumbani nikiamini umenidharau. Mwaka mzima niliamini hivyo. Siku nilipoifungua tena video ile nilikuwa na hasira, nikaona heri niigeuze kichekesho kuliko kulia. Nilijua hutaki sura yako izagae kwenye simu za watu, ulishasema zaidi ya mara moja. Nikaiweka hivyo hivyo, bila kukuomba ruhusa. Nimekukosea, nisamehe. Ukisema niitoe, nitaitoa siku hiyo hiyo, ingawa iliyokwisha kusambaa siwezi kuirudisha.

Na kuna jambo jingine. Nilipokuwa natafuta pa kuunga, nilipitia picha moja baada ya nyingine. Ulipokwisha kuinama, ukidhani nimeshageuka, ulitabasamu. Kidogo tu, upande mmoja wa mdomo, ukatikisa kichwa. Nilijaribu siku mbili kulibakiza tabasamu hilo, lakini liligoma kukutana na mwanzo, picha ikawa inaruka. Nikalikata. Kwa hiyo watu wote hao wanacheka jicho lako, na tabasamu ninalo mimi peke yangu. Nimelitazama mpaka betri imekwisha, nikachaji, nikalitazama tena.

Mbusu Mama kwa niaba yangu, na umsalimie shangazi, mwambie sijakonda. Jumamosi nitakuwa kituoni kabla ya basi lako. Kama umekasirika, nitazame tena vile vile juu ya miwani. Safari hii sitageuka haraka.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako