Seva Mbili na Katana Lewa Wawili

Mpendwa Bi Batuli, shikamoo. Naomba msaada, kichwa kimenivurugika hata kula sili vizuri. Mimi ndiye mtunza kompyuta wa zahanati moja hapa Gongoni, tuna seva mbili, moja ya majaribio na moja ya kazi yenye faili za wagonjwa, na ile ya majaribio niliiwekea mfumo endeshi toleo jipya kabisa, lililotoka majuzi tu, programu mpya ya kufungulia faili ikaenda vizuri, nikaihamishia seva ya kazi asubuhi wagonjwa wamejaa, kumbe kule bado kuna toleo la zamani, programu ikagoma, hakuna faili inayofunguka. Hapo akaja Katana Lewa wa mashamba ya chumvi na kidonda mguuni, na wajua sisi Wagiriama mtoto hupewa jina la babu yake, basi muuguzi wetu Sista Kadzo kwenye kabati akatoa faili ya karatasi ya Katana Lewa babu, isiyosema kwamba penisilini humdhuru mjukuu, sindano ishavutwa dawa ndipo mkewe aliyemsindikiza akapiga kelele asichomwe. Sista akapewa barua ya onyo, mimi nilikuwa nimesema ni umeme umekatika. Sasa rafiki yangu Uweis asema niweke toleo jipya kote, daktari asema nisiguse kitu, na hilo la zamani watengenezaji wanaacha kulirekebisha mwisho wa mwaka. Nishike lipi?

Ziro, Gongoni

Marahaba, Ziro. Pole, ingawa pole yangu haiendi mbali. Ulijaribu programu kwenye mashine isiyofanana na ya kazi. Hapo hukujaribu kitu, ulijifurahisha tu.

Uweis mwache na upya wake, kwake hachomwi mtu sindano. Daktari ana haki ya kuogopa, lakini toleo lisilorekebishwa tena ni mlango usio na komeo. Tafuta toleo lililoahidiwa kutunzwa miaka kadhaa, ambalo wenzako wamelitumia mwaka mzima wakayaona makosa yake, na programu yenu inakubaliana nalo. Liweke kwanza kwenye seva ya majaribio, ukae nalo wiki mbili. Toa nakala ya faili zote, hakikisha inafunguka, kisha lilo hilo liweke kwenye seva ya kazi, Jumapili mkiwa mmefunga. Na kila faili iandikwe tarehe ya kuzaliwa, hata ya karatasi!

Lakini Ziro, ya matoleo umeyaeleza kwa kirefu, ya Sista Kadzo umeyapitisha mbio. Nimeyaona. Kesho, kabla hujagusa kompyuta yoyote, mwendee daktari umwambie umeme haukukatika. Ile barua ya onyo imo kwenye faili isiyo yake. Anza kwa kuihamisha hiyo.