Kiingereza Hufunga Mlango

Kariakoo, Ijumaa asubuhi

Ndugu yangu Idi,

Kosa la wengi wetu ni kukata neno la Kiingereza kama tunavyokata la Kiswahili. Kwetu silabi karibu zote huishia kwenye irabu: ba-ba, so-ko-ni. Basi tukiona irabu tu, tunapitisha kisu. Mimi mwenyewe, mwalimu mzima, nilikuandikia kwa chaki WHO-LE-SA-LE. Nawe, uliyejifunza herufi kwa kupaka namba za mabehewa kwenye karakana ya reli kule Gerezani, ukacheka mpaka ukaweka brashi chini. "Mwalimu, Kiswahili huacha mlango wazi. Kiingereza huufunga." Nilikuwa na kiburi cha chaki.

Eda ya mkeo imekwisha. Zuhura ameyatoa makopo yako ya rangi uvunguni, na kazi ya kwanza ameipata: kibao cha Bwana Salimu, muuza kanga kwa jumla. Kibao ni chembamba, neno WHOLESALE, yaani jumla, halienei mstari mmoja. Na Bwana Salimu amemwambia wazi: "Marehemu hakunikosea hata herufi. Wewe ukikosea, Bi Zuhura, natafuta fundi mwingine." Wenye maduka jirani wanangoja kuona.

Leo aliniita nitazame kabla hajapaka. Alikuwa amechora kwa chaki WHO juu, LESALE chini.

"Shemeji, vipi? Sema tu, sivunjiki."

Sikumpa jibu, nilimpa mlango wako. Nikamwambia aweke kiganja chini ya kidevu, atamke kama Mzungu wa karakana. Akasema ho-li-se-li, kidevu kikashuka mara nne.

"Umeacha milango yote wazi," nikamwambia. "Mbuzi wataingia."

Akacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike. Akajaribu tena: hol, seil. Mara mbili tu. Ile E ya mwisho wa kila kipande huandikwa, haitamkwi. Ni komeo la mlango. Akachukua kitambaa, akafuta bila kuambiwa. WHOLE juu. SALE chini.

Kisha akabaki na kiganja palepale kidevuni. "Kumbe ndiyo sababu alikuwa akijishika hivi akifanya kazi," akasema. "Miaka yote nilidhani anawaza."

Idi, pumzika. Nitamtazamia kila kibao mpaka siku atakayoniambia hanihitaji.

Barua hii ataisoma yeye, kwa kuwa wewe huwezi. Basi, Zuhura, chaki imemaliza kazi yake. Chovya brashi, anza na W.