Barua Niliyoisomea Foleni

Mjukuu wangu Kabula,

Mwangaluka. Bibi yako amepona goti na anakusalimu. Unauliza kama umshtaki mwenzako aliyetuma majibu yako ya hospitali kwenye grupu la chuo.

Nilipokuwa mwalimu kijana huko Lalago, niliwasomea watu barua zao kwenye foleni ya kuuza pamba. Siku moja nikasoma kwa sauti kwamba mama mmoja ameachwa na mumewe.

"Mwalimu," akasema, "barua nimeandikiwa mimi au foleni?"

Watu walicheka, mimi nikaona aibu. Tangu siku hiyo nilisomea barua stoo, mlango nimeufunga.

Yule mama hakuwa na pa kulalamika. Wewe unapo, maana sasa sheria inalinda taarifa binafsi. Peleka malalamiko kwenye tume inayoisimamia. Mimi nilibadilika kwa swali moja, mwenzako naye anaweza kubadilika.

Babu yako, Bariadi