Mkonge Sebuleni

Kangundo, 6 Machi 1982

Kwa binti yangu Nthambi,

Salamu nyingi. Huku sisi ni wazima, ila baba yako na lile goti lake. Wewe hujambo huko Buruburu, Nairobi? Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea Mama Matheka apende asipende. Mtoto wangu ana nyumba yenye mfereji wa maji ndani!

Sasa unaniuliza mmea gani uweke kwenye ile kona moja ya sebule: huo unaotambaa aliokukatia jirani yako, mwalimu Lydiah, au mkonge wa porini uliong'oa hapa Krismasi. Nthambi! Mkonge? Si ndio tunaosokotea vyondo vya kubebea mboga? Kina mama wa kanisa tunakuja tarehe ishirini na saba kuiombea nyumba, na nimekwisha kuwaambia unavyokaa vizuri. Usiniaibishe. Weka unaotambaa.

Mama yako

Buruburu, 14 Machi 1982

Mama mpendwa,

Natumaini mu wazima. Mimi niko salama. Baba asiende shambani na goti hilo.

Mama, yote miwili haina taabu. Wa Lydiah unaishi hata kwenye chupa ya maji, lakini unapenda mwanga, na kona yangu ni giza. Mkonge niliusahau mwezi mzima bila maji, ukanitolea jani jipya. Tena nikirudi kutoka kazini nikiuona, najisikia nimefika nyumbani. Nisamehe, ndio nilioweka. Njooni, chai itakuwa tayari.

Mwanao, Nthambi

Buruburu, 28 Machi 1982

Mama,

Mlifika salama? Mliimba mpaka majirani wananiuliza harusi ni lini.

Lakini mlipoondoka nilikuta majani yote marefu ya mkonge yamekatwa kwa kisu. Kama mkonge ulikuwa aibu kwako hivyo, si ungeniambia tu? Basi, umeshinda. Nitaweka wa Lydiah.

Mwanao

Kangundo, 4 Aprili 1982

Nthambi wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, na goti limepoa. Lakini wewe umenichoma! Mimi nikate kitu nyumbani kwako?

Ni Mama Matheka. Ulipotusindikiza nje alibaki nyuma akifunga kiatu, akaona mkonge, akadhani ndiyo zawadi ya wageni kubeba, akayakata majani kwa kisu cha mkate. Tulipofika Tala ndani ya basi akayatoa kwenye chondo, akaanza kuchana nyuzi. Nikamuuliza, "Umeyatoa wapi hayo?" Akasema, "Kwa Nthambi! Mtoto ana adabu, hakutuacha tuondoke mikono mitupu." Nikamwambia, "Mama Matheka, hilo ni ua la sebuleni!" Basi zima likacheka, na yeye akacheka kutushinda.

Na hukusikia, ulikuwa jikoni: mwalimu Lydiah aliniuliza mbele ya kina mama wote mmea huo unauzwa wapi. Nikamwambia hauuzwi, nina kilima kizima! Leo baada ya kanisa nimemkuta Mama Mutisya ameupanda kwenye kopo kando ya redio. Mama Matheka ana makopo mawili. Wanasema ni mtindo wa Nairobi. Nimewaambia ni mtindo wa mwanangu.

Kwa hiyo wa Lydiah mrudishie na shukrani. Nimekuchimbia shina kubwa la mkonge mwenyewe, Phares wa basi atakuletea Jumamosi. Ni zito. Mwambie alibebe mpaka mlangoni, tena polepole, majirani walione.

Mama yako